Makato ya Kifungo

Anayetaka kumtumia hela ndugu yake aliyefungwa katika gereza la serikali kuu ya Marekani haipeleki gerezani. Anaipeleka Des Moines, mji mkuu wa jimbo la Iowa, hata kama ndugu mwenyewe yuko Florida. Akitumia posta, ndani ya bahasha inatakiwa mani oda yenye jina kamili la mfungwa na namba yake ya tarakimu 8. Noti hazipokelewi, hundi ya mtu binafsi haipokelewi, na barua au picha ya mtoto ikichomekwa humo haitamfikia mwenyewe. Asiyeweza kusubiri posta huenda Western Union au MoneyGram. Akituma kati ya saa 1 asubuhi na saa 3 usiku, kwa saa za mashariki ya Marekani, hela huingia kwenye akaunti ya mfungwa baada ya saa 2 hadi 4.

Kwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, huo ni muamala kama mwingine: kuna mtumaji, mpokeaji, namba na makato. Tofauti ni kwamba mtumaji huyu hana pa kukwepea. Hawezi kwenda kwa wakala yeyote nje ya walioruhusiwa na gereza, wala hawezi kumpa kondakta wa basi la usiku hela aifikishe. Mlango ni mmoja, na mwenye funguo ndiye anayepanga bei. Ukifuatilia hela hiyo toka inapotumwa hadi inapotumika, unakuta kwamba sehemu ya gharama ya kifungo inalipwa na mtu ambaye hakuna hakimu aliyemhukumu.

Nyingi yake inaishia kantini. Magereza ya Marekani hutoa milo na vitu vya msingi, lakini kwa wafungwa wengi kinachotolewa hakitoshi, na pengo hilo huzibwa kwa kununua: sabuni, dawa ya meno, ndala za bafuni, tambi za pakiti, kahawa, vidonge vya maumivu, stempu. Mwaka 2018 taasisi ya Prison Policy Initiative ilichambua mauzo ya kantini katika majimbo ya Illinois, Massachusetts na Washington, ikakuta kila mfungwa alitumia wastani wa dola 947 kwa mwaka, sehemu kubwa ikiwa kwa chakula na vitu vya usafi. Katika magereza ya serikali kuu kuna ukomo wa matumizi, ambao kwa muda mrefu umekuwa dola 360 kwa mwezi, na 50 za nyongeza Novemba na Desemba.

Je, mfungwa hawezi kujilipia kwa jasho lake? Kazi anafanya: anapika, anafua, anadeki, anakata nyasi. Katika magereza ya serikali kuu kazi hizo hulipwa kati ya senti 12 na senti 40 kwa saa. Akiomba kuonwa na daktari kwa tatizo lisilo la dharura, hukatwa dola 2. Anayelipwa senti 12 anahitaji zaidi ya saa 16 za kazi ili kikohozi chake kipimwe.

Texas ni kali zaidi. Wafungwa wengi wa jimbo hilo hawalipwi chochote kwa kazi zao, na bado kuanzia mwaka 2011 walioomba matibabu walitozwa dola 100 kwa mwaka. Mwaka 2019 ada hiyo ilibadilishwa ikawa dola 13.55 kwa kila anapoomba kuonwa. Mtu asiye na mshahara anapotozwa ada, hela haitoki mfukoni mwake. Inatoka kwa mama yake, kwa mke wake, kwa dada anayeshika zamu mbili.

Ndani ya kuta hela taslimu ni marufuku, kwa hiyo bidhaa za kantini zenyewe zimegeuka sarafu. Tumbaku ilipopigwa marufuku katika magereza ya serikali kuu mwaka 2004, wafungwa walihamia kwenye pakiti za vibua. Wengi hawakuwa na hamu ya kuwala samaki hao, ila kila pakiti ilikuwa na thamani ya karibu dola 1 na haikuharibika upesi. Kunyolewa, kufuliwa shati, kuandikiwa karatasi za rufaa, vyote vilihesabiwa kwa vibua. Mwaka 2016 mtafiti Michael Gibson-Light, wakati huo Chuo Kikuu cha Arizona, alieleza jinsi tambi za pakiti zilivyoipiku tumbaku katika gereza alilolichunguza, na sababu aliyoitoa inauma: chakula cha gereza kilikuwa kimepungua wingi na ubora. Asiye na mtu wa kumtumia hela anaingia kwenye uchumi huo akiwa mdaiwa tangu siku ya kwanza. Anakopa pakiti moja, wiki ijayo anadaiwa mbili, na madeni ya gerezani hayapelekwi mahakamani.

Penye uhitaji wa lazima na mlango mmoja, wafanyabiashara hawakukawia. Kampuni ya JPay ilianzishwa Miami mwaka 2002 na Ryan Shapiro. Idara nyingi za magereza zilikuwa zimechoka kupokea maelfu ya mani oda, kuzihakiki na kuziingiza daftarini moja moja. JPay ikazitua mzigo huo, na familia zikaanza kulipia kazi ambayo awali gereza lilijifanyia lenyewe. Uchunguzi wa mwandishi Daniel Wagner, uliochapishwa na Center for Public Integrity mwaka 2014, ulikuta mahali ambapo ada ilifika asilimia 45 ya kiasi kilichotumwa. Kanuni yake kila mtumiaji wa pesa za simu anaijua: kiasi kidogo ndicho kinacholiwa zaidi. Anayetuma dola 200 kwa mkupuo mmoja haumii kama bibi anayetuma 20 kila baada ya wiki mbili, na hiyo 20 ndiyo anayoiweza.

Biashara hiyo ikakua na kumezana. Mwaka 2015 JPay ilinunuliwa na Securus, kampuni kubwa ya simu za magerezani. Mwaka 2017 Securus nayo ikaingia mikononi mwa Platinum Equity, kampuni ya uwekezaji ya bilionea Tom Gores, mmiliki wa timu ya mpira wa kikapu ya Detroit Pistons. Mshindani wake mkuu, GTL, siku hizi anaitwa ViaPath. Kampuni hizi mbili zimeushika uchumi wa mawasiliano ya gerezani, na mara nyingi hela, simu na vishikwambi vya kusomea ujumbe hutolewa na kampuni ileile.

Kiini cha tatizo kiko kwenye mikataba. Katika sehemu nyingi kampuni hurudisha sehemu ya mapato kwa idara ya magereza au kwa ofisi ya sherifu. Hapo ndipo ushindani unapogeuzwa juu chini. Mnunuzi wa kawaida hutafuta huduma ya bei nafuu, lakini hapa anayesaini mkataba siye anayelipa, na kadiri ada inavyopanda ndivyo mgawo wake unavyonona. Kampuni inayotaka kushinda zabuni haina haja ya kuwafurahisha wateja wake. Inatosha imfurahishe mlinzi wao.

Mwaka 2021 CFPB, chombo cha serikali ya Marekani kinacholinda wateja wa huduma za fedha, kiliiamuru JPay ilipe dola milioni 4 za fidia kwa wateja na faini ya milioni 2. Kesi ilihusu kadi za kutokea. Mtu akimaliza kifungo, salio lake, pamoja na kile kiasi kidogo ambacho sheria za baadhi ya majimbo humpa aanzie maisha, liliwekwa kwenye kadi ya JPay iliyokuwa na makato, na wengi hawakupewa njia nyingine ya kuchukua hela yao. Mwaka 2024 ikafika zamu ya GTL, iliyoamriwa kulipa milioni 3 kwa jumla. Miongoni mwa makosa yake, ilikuwa ikifungia familia zilizopinga muamala kwenye benki zao mpaka zilipe, na ikichukua salio la akaunti zilizokaa muda bila kutumika.

Kumtoza mfungwa na jamaa zake ni desturi ya kale. London ya karne ya 18 ilikuwa na gereza la Marshalsea, ambako mdaiwa alilipia chumba chake, na mwenye ndugu wa kumsaidia aliishi upande wenye nafuu huku fukara wakibanana upande wa pili. Baba yake Charles Dickens alifungwa humo mwaka 1824 kwa deni la pauni 40 na shilingi 10 kwa mwoka mikate. Nusu karne kabla ya hapo, John Howard aliteuliwa kuwa sherifu wa Bedfordshire mwaka 1773, akakuta watu walioonekana hawana hatia wakirudishwa ndani kwa kushindwa kumlipa mlinzi ada zake. Howard alitembea gereza hadi gereza, akatoa kitabu mwaka 1777, na hatimaye mwaka 1815 Bunge la Uingereza likafuta ada za magereza. Ada walizochukua walinzi wa Bedfordshire zilimkera mpaka akaitikisa nchi. Kadi ya makato ya mwaka 2021 ni ndugu wa ada hizo, kwa damu na kwa sura.

Nani hasa analipa? Ripoti ya mwaka 2015 ya Ella Baker Center na washirika wake, iliyotokana na mazungumzo na familia katika majimbo kadhaa ya Marekani, ilikuta kwamba kati ya wanafamilia waliobeba gharama za mahakama, asilimia 83 walikuwa wanawake. Zaidi ya familia 1 kati ya 3 ziliingia kwenye madeni kwa ajili ya simu na safari za kwenda kutembelea tu. Katika miji ya Marekani wanakoishi wakimbizi waliotoka Kivu na Burundi wamo wanawake ambao mshahara uleule tayari una wenyewe nyumbani: ada ya shule ya wadogo, dawa ya mzazi, mchango wa msiba. Mtoto akifungwa, kantini inaongezwa kwenye orodha, na hakuna mtu wa kumwomba mkopo ambaye hajaombwa.

Mwanamke mmoja wa jiji la Washington alikataa kunyamaza. Martha Wright alikuwa muuguzi mstaafu, kipofu. Mjukuu wake alipofungwa na kuhamishwa magereza ya mbali, barua hakuweza kuisoma na safari hakuiweza, ikabaki simu, na simu ilikuwa ghali kupita kiasi. Mwaka 2000 akaingia kwenye kesi dhidi ya bei hizo. Mahakama iliwaelekeza walalamikaji kwa FCC, mamlaka ya mawasiliano, na suala likazungushwa huko miaka mingi. Alifariki mwaka 2015. Sheria yenye jina lake ilitiwa saini Januari 2023, ikaipa FCC nguvu ya kudhibiti bei za simu zote za wafungwa. Mwaka 2024 FCC ikatangaza viwango vipya: maongezi ya dakika 15 ambayo katika baadhi ya mahabusu kubwa yaliweza kufika dola 11.35 yangeshuka hadi senti 90. Katikati ya 2025, baada ya uongozi wa mamlaka hiyo kubadilika, utekelezaji ukaahirishwa hadi 2027. Subira nyingine, baada ya robo karne ya kungoja.

Kuna upande mwingine, na unastahili kusikilizwa kwa moyo mweupe. Nyuma ya wafungwa wengi kuna watu waliowadhulumu, na mahakama mara nyingi huamuru fidia. Mwaka 2021 ilibainika kwamba Larry Nassar, daktari wa timu ya jimnastiki ya Marekani aliyewanyanyasa kingono mamia ya wasichana, alikuwa ameingiziwa dola 12,825 kwenye akaunti yake ya gerezani. Alitumia zaidi ya 10,000 kwa mahitaji yake, na kwa deni aliloamriwa na mahakama alikuwa ametoa karibu 300 tu. Gazeti la Washington Post liliripoti kwamba wafungwa wa serikali kuu kwa pamoja walikuwa na zaidi ya dola milioni 100 kwenye akaunti hizo. Hasira iliyofuata ilikuwa ya haki.

Lakini tiba iliyopendekezwa iliwalenga wasiohusika. Mapema 2023 idara ya magereza ya serikali kuu ilitoa rasimu ya kanuni ambayo ingeelekeza asilimia 75 ya hela inayotoka nje kwenye madeni ya mahakama kwa wafungwa wanaodaiwa. California ilishaonyesha jinsi hesabu hiyo inavyoonekana kwa mtumaji: jimbo limekuwa likikata nusu ya kila kinachoingia kwa ajili ya fidia, kisha asilimia 10 ya hiyo nusu kuwa gharama ya kuikusanya. Mama akituma dola 100, mwanawe anabaki na 45. Aliyekatwa nani? Nassar mwenye maelfu na kijana ambaye akaunti yake haijawahi kuvuka 60 wanapitishwa kwenye kikokotoo kimoja, na anayeongeza hela ili ile sabuni ipatikane ni mtu wa tatu kabisa. Kuweka kiwango cha chini kisichoguswa, na kukata kwa nguvu kwenye akaunti nono tu, kungempa mwathirika haki yake bila kumgeuza mama wa mfungwa kuwa mdaiwa wa kosa asilolitenda.

England na Wales zimechukua njia tofauti. Tangu tarehe 2 Novemba 2020 familia haziwezi tena kutuma noti, hundi wala mani oda, isipokuwa waliopewa ruhusa maalumu. Mtumaji huingia kwenye huduma ya serikali mtandaoni akiwa na kadi yake ya benki, tarehe ya kuzaliwa ya mfungwa na namba yake ya gereza, na hakatwi ada yoyote. Hela hulala kwenye akaunti binafsi ya mfungwa, kisha kila wiki kiasi fulani tu huhamishwa kwenye akaunti ya matumizi. Oda ya kantini hujazwa kwenye fomu, na mizigo hufungwa na kampuni ya DHL kwa mkataba.

Huduma hiyo ni ushahidi kwamba hela inaweza kupita getini bila kumegwa. Hata hivyo, nayo ina kasoro yake. Kiasi cha kila wiki kinategemea daraja la tabia: kabla ya viwango kupandishwa miaka ya karibuni, mfungwa aliyehukumiwa aliruhusiwa pauni 15.50 akiwa daraja la kawaida na pauni 4 akiwa daraja la chini, huku mahabusu akiruhusiwa zaidi kwa kuwa bado hajahukumiwa. Familia inakuwa imetuma, hela ipo, lakini sabuni inasubiri uamuzi wa afisa. Mshahara wa chini wa mfungwa anayefanya kazi umekuwa pauni 4 kwa wiki, kwa hiyo aliyeshushwa daraja anarudi palepale kwenye kukopa.

Ukivuka kuja Kongo, swali linabadilika kutoka ada hadi uhai. Gereza la Makala la Kinshasa lilijengwa zama za ukoloni kwa ajili ya watu 1,500, na kufikia 2024 lilikuwa limebeba zaidi ya 12,000. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Septemba mwaka huo, watu wasiopungua 129 walikufa humo katika jaribio la kutoroka, wengi kwa kukanyagana. Munzenze ya Goma, iliyojengwa kwa mamia, ilijaza maelfu hadi ilipovunjwa wakati waasi wa M23 walipoingia mjini Januari 2025. Mwanzoni mwa 2020 makumi ya wafungwa wa nchi hiyo walikufa kwa njaa na ukosefu wa dawa, kwa sababu bajeti ya chakula haikufika. Katika magereza hayo anayeishi ni mwenye mtu nje. Sufuria ya foufou huingia na mke, na faranga chache hutangulia kumlainisha askari wa getini. Ndani kuna kapita, mfungwa anayewatawala wenzake, ambaye anataka chake kabla mgeni hajapewa pa kulala. Hapa hakuna kampuni ya Miami inayokata asilimia, ila makato ni makubwa kuliko ya Texas, na risiti haipo.

Kanuni za Nelson Mandela, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2015, zinasema chakula chenye lishe ni wajibu wa mamlaka ya gereza, na kwamba mfungwa anayefanya kazi alipwe kwa haki, aweze kununua vitu vilivyoruhusiwa na kutuma sehemu nyumbani. Zinamruhusu pia mahabusu kuletewa chakula kutoka nje kwa gharama yake, ruhusa ambayo familia za Tanzania na Kenya zinaijua vizuri. Iliwekwa iwe heshima kwa mtu ambaye bado hajapatikana na hatia. Bajeti ya jikoni inaposhuka, ruhusa hiyo hugeuka kuwa njia ya gereza kulishwa na familia.

Hofu ya magereza kuhusu hela isiyopita kwenye daftari ina sababu zake. Nchini Kenya polisi wamehusisha mara kadhaa gereza la Kamiti na ulaghai wa simu, ule wa ujumbe wa "ile pesa tuma kwa namba hii", ambapo laini zilizoingizwa kwa siri huvuta hela za watu wa mitaani hadi selo. Simu ya magendo na akaunti ya pesa mkononi ni zana za mlaghai, na pia ni kamba ya uhai ya kijana anayemwomba dada yake shilingi mia mbili za mkate. Kuzifunga bila kufungua njia halali na rahisi kunawaacha wote wawili mikononi mwa askari anayeuza laini.

Njia hiyo halali haihitaji kubuniwa upya. Connecticut ilipitisha mwaka 2021 sheria ya simu za bure magerezani, na California, Colorado, Minnesota na Massachusetts zikafuata. San Francisco ilifuta bei ya simu na faida ya kantini katika mahabusu zake mwaka 2020, na gharama ikabebwa na bajeti ya umma, kama umeme na kufuli zinavyobebwa. Afrika Mashariki, ambako kila mtaa una wakala wa pesa za simu, zabuni ya kuingiza malipo hayo magerezani italeta kampuni nyingi mezani. Kifungu cha kwanza cha kusoma katika mkataba kama huo ni kile cha mgawo: idara ya magereza ikipewa asilimia yoyote ya hela ya familia, haitakuwa na sababu ya kutaka ada ishuke. Cha pili ni hatima ya salio mfungwa anapohamishwa, anapoachiwa au anapofia ndani. Cha tatu ni mtumaji asiye na simu janja wala kadi ya benki: anapokelewa dirisha gani, anaandikiwa risiti gani, na akidhulumiwa anakwenda kulalamika kwa nani asiyefanya kazi getini.